Ng'ombe wa Mawe

Tulimzika Mwalimu Nduku Ijumaa asubuhi, kwenye kipande cha shamba alichonunua upande wa Isinya, na wote waliosimama kumzungumzia walisema jambo moja. Walisema alikuwa mwalimu wa kitabu. Mwanamume mmoja mwenye suti, ambaye sikumtambua mpaka alipotaja jina la baba yake, alisema kwamba kwa Mwalimu Nduku mtoto aliingia, akaketi, akafungua ukurasa, na kufikia Krismasi alikuwa akisoma vibao vya barabarani. Watu waliitikia kwa vichwa. Mimi nilikuwa nyuma, karibu na masufuria ya pilau. Nilikuwa nimetoka Ngong alfajiri ile, ambako naishi kwa sasa, na nilisikiliza hayo yote. Hayakuwa uongo. Kwa zaidi ya miaka ishirini ndivyo alivyofundisha. Lakini mimi nilifanya kazi naye mwaka mmoja tu, mwaka wa kwanza wa darasa lake, na mwanamke niliyemjua mwaka huo alikuwa amevifunga vitabu vyote ndani ya sanduku, akalisukuma chini ya mimbari ya kanisa, na hakutaka hata livutwe ili pafagiliwe.

Tangu hapo nimeishi Rongai, Namanga, Emali, tena Rongai. Nimeuza nyanya, nimelinda mifugo ya watu, nimepaka mageti rangi. Si mtu wa kukaa, na sehemu nyingi nilizopita nimezisahau vizuri, kama mtu anavyosahau vyumba vya gesti. Kitengela sijaisahau, ingawa yenyewe haifanani tena na ile niliyoijua. Palipokuwa mbuga sasa ni nyumba za kupangisha na maduka ya vigae, na lile kanisa la mabati tulilofundishia limegeuka yadi ya mchanga na kokoto. Nilipita hapo baada ya mazishi. Mwenye yadi aliniuliza nataka lori la ukubwa gani, nikamwambia sitaki lori, akaniangalia kidogo kisha akarudi kwenye simu yake.

Nilifika Kitengela mwanzoni mwa mwaka ule wa ukame mkubwa, miaka ya elfu mbili ilipokuwa ndiyo inaanza. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne Loitokitok, na vitunguu vya kwetu Illasit vilikuwa vimekauka mashambani. Mtu aliyenijua aliniambia kwamba kuna mwalimu wa nasari Kitengela anayetafuta mwenzake anayejua Kimaasai, kwa sababu nusu ya watoto anaotaka kuwafundisha hawaelewi Kiswahili. Kimaasai nilikijua kwa kucheza na kugombana nacho tangu utotoni. Kuhusu watoto sikujua chochote. Mwalimu Nduku alinihoji akiwa amepiga magoti, akifunga kamba kwenye mguu wa benchi uliovunjika. Hakutaka kuona cheti. Aliniuliza kama ninaweza kukaa sakafuni asubuhi nzima bila kulalamikia mgongo. Nikasema ndiyo. Akasema, basi kaa.

Kanisa lilikuwa chumba kimoja kirefu, na siku za kazi tuliazimwa. Kila Jumatatu tulisukuma mabenchi upande wa mimbari na kuyapandanisha yakawa kama ukuta, na kila Ijumaa tuliyarudisha. Katika nafasi iliyobaki Mwalimu Nduku alitengeneza kona. Kona ya duka ilikuwa na pakiti tupu za unga na majani ya chai, pamoja na mizani ya vifuniko vya mikebe vilivyoning'inia kwa uzi. Kona ya nyumbani ilikuwa na sufuria iliyotoboka, leso kuukuu na mwanasesere wa matambara mwenye jicho moja. Kona ya tatu haikuwa na jina. Ilikuwa mchanga, vijiti, na maji kidogo kwenye debe, ambayo mwaka huo yalikuwa anasa. Upepo wa mbugani ulipita chini ya mabati na kuleta vumbi la saruji kutoka Athi River, na kufikia saa nne, uji ulipoiva, watoto na vitu vyote vilikuwa rangi moja. Walikunywa wakiwa wamechuchumaa ukutani, kila mmoja na kikombe chake cha plastiki, na huo ndio wakati pekee chumba kilikuwa kimya.

Mambo ya kona alikuwa ameyapata Kajiado, kwenye kozi ya walimu wa nasari iliyofanywa wakati wa likizo. Kabla ya hapo alikuwa amefundisha katika akademia moja ng'ambo ya barabara ya Namanga, ambako watoto wa miaka minne walikaa kwa safu na kuandika herufi moja mpaka ukurasa ujae. Kulikuwa na mtoto mmoja pale, aliniambia, aliyetapika kila asubuhi getini. Hakuwa mgonjwa, Jumamosi hakutapika. Mwalimu Nduku aliacha kazi hiyo na kuanzisha darasa lake, na alichokuwa akikitafuta hakukificha kwa mtu yeyote: watoto wake wafike mwisho wa mwaka wakiwa wamecheza, bila kulazimishwa kalamu, kisha waende kwenye mahojiano ya darasa la kwanza na watu waone wenyewe. Mwaka mmoja mzima, alisema. Wakinipa mwaka mmoja nitawaonyesha. Maagizo aliyonipa mimi yalikuwa machache. Mtoto akicheza usimuulize anafanya nini, kwa sababu ataacha. Wakigombana, ngoja kidogo kabla ya kuingilia. Mtoto akikuletea chai ya mchanga, kunywa, na umwambie kama sukari imetosha.

Nilikunywa chai nyingi ya mchanga, na mjini nilichekwa kwa hilo. Mwanamume wa nasari hakuwa kitu cha kawaida. Kwenye kibanda nilikokula githeri mchana, watu wa mjengo waliniita Mama Watoto. "Mama Watoto, leo umenyonyesha wangapi?" mmoja alipenda kuuliza kila nilipoinama kuingia, na mwenzake angemwambia aniache, nimechoka, yule wa mwisho anaota meno. Sikuona vibaya. Nilikuwa na umri ule ambao mtu anaweza kufanya kazi yoyote akijua moyoni kwamba si yake. Sasa najua kwamba nimezifanya kazi zangu zote hivyo, na kwamba ile ndiyo pekee ambayo ningependa kuwa nimeifanya kwa namna nyingine. Lakini hayo ni maneno ya mtu aliyetoka mazishini.

Chakula cha jioni nilikula kwa Mwalimu Nduku, na mimi nikamchotea maji. Alipanga chumba kimoja katika ploti ya vyumba vya kupangisha nyuma ya soko. Kulikuwa na kitanda, jiko la mafuta ya taa, kalenda ya kanisa, na mifuko ya vizibo vya soda, vifungo na vipande vya kamba alivyookota njiani kwa ajili ya darasa. Alipika muthokoi wa kwao, mahindi yaliyokobolewa na kunde, akayaacha motoni mpaka yakalainika kabisa, na tulikula tukiwa tumeketi kitandani kwa sababu hapakuwa na kiti. Ukuta ulikuwa wa mbao zilizobandikwa magazeti. Upande wa pili aliishi Baba Mutua, bawabu wa kiwanda cha nguo, ambaye pia alikuwa mwenyekiti wa wazazi wa darasa letu, pamoja na mkewe. Mtoto wao Mutua alikuwa darasani kwetu. Walizungumza wakijua tunasikia, au wakiwa wamesahau, sikuwahi kujua.

"Mtoto ya supavaisa anaandika jina yake yote," Baba Mutua alisema jioni moja. "Yangu nimemuuliza leo umejifunza nini. Ati alikuwa konda."

Mama Mutua alisema konda ni kazi kama kazi nyingine.

"Kwa intaviu hakuna mtu anauliza konda. Wanaweka kalamu kwa meza, wanaangalia mkono ya mtoto."

Mwalimu Nduku aliendelea kupakua. Kisha akaniambia kwa sauti ya chini kwamba Mutua alikuwa konda mzuri sana, alikumbuka kila abiria anashuka wapi, na watoto ambao hawakuwa wamewahi kuongea siku nzima walilazimika kumwambia. Alisema hivyo kama mtu anayejaribu maneno atakayoyahitaji baadaye. Hofu ya Baba Mutua haikuwa ya kijinga. Shule za msingi za mjini zilikuwa chache na zilichagua, na mtoto aliyekosa nafasi alirudi kukaa nyumbani. Mwalimu Nduku alilijua hilo kuliko sisi sote.

Watoto wa Kimaasai walitembea kutoka maboma ya mbugani, wakiongozwa na Nashipae, msichana wa miaka sita aliyekuwa akilelewa na nyanya yake na ambaye alitembea mbele ya wenzake kama mtu mwenye miadi. Mwanzoni hawakugusa duka wala sufuria. Walikaa karibu na mlango na kututazama. Kisha asubuhi moja Nashipae aliingia akiwa amekusanya mawe kwenye shuka yake, akayamwaga sakafuni, akachora boma kwa kidole na kuacha lango. Mchezo huo niliujua. Illasit pia tuliucheza. Kila jiwe ni ng'ombe, na kila ng'ombe ana jina lake kufuatana na rangi: Narok yule mweusi, Naibor mweupe, Nanyokie mwekundu. Asubuhi wanatoka kwenda malishoni, wanapelekwa majini, jioni wanarudi, na mwenye boma anasimama langoni akiwatazama wakiingia. Mutua na wenzake wa mjini walisimama kando kwa muda, wakanong'onezana, kisha wakaomba na wao wapewe ng'ombe. Nashipae aliwapa wale wabaya.

Sikuwahi kumwona Mwalimu Nduku akifurahi vile. Watoto waliokuwa wamegawanyika kwa lugha tangu Januari sasa walikuwa wamelala kwa matumbo kwenye sakafu moja wakibishana juu ya nyasi. Alisema hakuna duka linalouza kifaa kama hicho. Na furaha ndiyo iliyomponza. Kule kwenye kozi walikuwa wamefundishwa kwamba kitu ambacho mtoto amekileta mwenyewe ndicho kizuri zaidi kumfundishia hesabu. Kwa hiyo siku moja alichuchumaa kando ya boma la Nashipae, akaanza kuinua ng'ombe mmoja mmoja na kumpitisha langoni, akihesabu kwa sauti ili watoto wamfuate. Watoto wa mjini walimfuata wakiimba namba. Nashipae alitupa shuka yake juu ya mawe yaliyobaki, akalala juu yake kifudifudi. Hakulia. Alikataa tu kuinuka, hata uji ulipoletwa, na watoto wengine wa mbugani wakaenda kukaa kando yake, wakaacha vikombe vyao vikipoa.

Nilikuwa upande wa watoto wadogo nikifungua kamba za viatu. Nilipofika nilimwambia jambo analolijua yeyote aliyekulia karibu na Wamaasai, kwamba ng'ombe hawahesabiwi, kwa sababu kumhesabu aliye hai ni kukionyesha kifo alipo. Mwenye ng'ombe hutazama tu, na akikosekana mmoja anajua ni nani.

"Lakini haya ni mawe, Daudi," Mwalimu Nduku alisema.

Nikamwambia kwa yule mtoto si mawe.

Alimtazama Nashipae mgongoni. "Hiyo ndiyo nilitaka," akasema. "Nilitaka isiwe mawe."

Kesho yake hakuja mtoto yeyote kutoka mbugani, wala keshokutwa. Tungeweza kusubiri, lakini mwaka ule ng'ombe walikuwa wakifa kwelikweli. Mizoga ilikuwa kando ya njia, na baba za watoto hao walikuwa wamepeleka waliobaki mbali kutafuta majani, wengine mpaka ndani ya mitaa ya Nairobi. Haikuwa vigumu kufikiria kilichokuwa kikisemwa maboma yale: kwamba mwalimu wa mjini ameketi sakafuni akihesabu ng'ombe wa watu kwa sauti. Mwalimu Nduku alisema akiwapoteza hao atakuwa amebaki na darasa la Baba Mutua, na darasa la Baba Mutua ni akademia. Siku ya mapumziko tuliondoka asubuhi, yeye amebeba pakiti ya majani ya chai na sukari, mimi nimebeba lugha.

Nyanya ya Nashipae tulimwita Kokoo, yaani nyanya kwa Kimaasai, kama kila mtu pale. Mbele ya boma lake kulikuwa na ua mpya wa nyaya, umenyooka hadi macho yanapoishia, na ng'ombe wawili waliokonda walikuwa wamesimama wakiuelekea. Nilimwinamishia kichwa akanigusa utosini. Mwalimu Nduku alimsalimia "takwenya," neno nililomfundisha njiani, na Kokoo akamjibu "iko" na kutuingiza ndani. Nyumba ilikuwa na giza na moshi, tukapapasa mpaka tukapata pa kuketi. Chai ilikuwa na maziwa kidogo sana, na tulijua maana ya kupewa hayo. Kokoo hakugomba. Aliuliza tu, kupitia kwangu, mwalimu alitaka kumwambia nani kwamba ng'ombe wa mtoto ni wangapi. Mwalimu Nduku alijibu kwamba hakutaka kumwambia mtu. Kisha akasema kwamba hata kwao Ukambani, nyanya yake hakukubali wajukuu wahesabiwe kwa kidole wakati wa kugawa chakula, na kwamba alikuwa amesahau. Nilipotafsiri hayo Kokoo alicheka mpaka akakohoa. Alisema basi ninyi ni watu, ila mmesoma. Akamwita Nashipae na mawe yake, akamgeuza uso ukutani, akaficha jiwe moja chini ya paja lake. Nashipae aligeuka, akatazama kwa muda mfupi kuliko ninaoutumia kusimulia, akasema Nanyokie hayupo.

Walirudi wiki iliyofuata, na kwa miezi kadhaa mambo yalikwenda vizuri kuliko nilivyoona kazi yoyote ikienda. Vizibo vya soda havina uhai, kwa hiyo vizibo tulivihesabu. Ng'ombe tuliwatazama. Kila asubuhi mtoto mmoja aligeukia ukuta, mwingine akaficha ng'ombe, na chumba kizima kilinyamaza kikisubiri jina. Watoto wa mjini walishindwa mara nyingi mwanzoni, kisha wakaanza kuweza. Mwalimu Nduku alinionyesha jinsi mtoto anayejua tofauti ya jiwe la madoa na jiwe la mistari atakavyojua tofauti ya herufi mbili zinazofanana, siku yake ikifika. Sijui kama ni kweli. Yeye aliamini, na nikimtazama Mutua akiwa amekunja uso mbele ya boma, nami nilikaribia kuamini. Lakini jioni, upande wa pili wa magazeti, Baba Mutua alikuwa akihesabu kitu kingine.

"Leo ananiambia ng'ombe yake imeenda kukunywa maji," alisema. "Nikamuuliza iko wapi hiyo ng'ombe. Ananionyesha mawe. Mimi nilitoka Makueni kuja kulea mchungaji?"

Mama Mutua alisema angalau sasa mtoto anaamka mwenyewe kwenda shule.

"Hata kwa sinema watu huamka."

Muhula wa tatu ulipoanza Baba Mutua aliitisha mkutano wa wazazi, Jumamosi alasiri, hapo hapo kanisani. Tulijua unahusu nini, kwa sababu alikuwa muungwana wa kutosha kugonga mlango na kutuambia. Mahojiano ya darasa la kwanza yalikuwa karibu. Wazazi wangechagua: ama sanduku la vitabu lifunguliwe na watoto waketi kwa safu kuanzia Jumatatu, ama mambo yabaki yalivyo. Vikishinda vitabu, Mwalimu Nduku avifuate. Visiposhinda, anayetaka kumhamisha mtoto wake amhamishe kwa amani, na yeye Baba Mutua atanyamaza. Mwalimu Nduku alikubali. Alipiga hesabu yake kwa kutazama, kama tulivyofundishwa: watu wa mjini walikuwa wamegawanyika karibu sawasawa, kwa kuwa kina mama wengi walipenda watoto wao warudi nyumbani wakicheka, na maboma ya mbugani, ambayo hayakuwahi kuja mkutanoni, yangetosha kumaliza jambo. Alinituma niende kwa Kokoo kumwomba aje na wenzake. Nilikwenda. Kokoo alisema watakuja.

Siku hiyo walichelewa. Baba Mutua alitaka kuanza, Mwalimu Nduku akamwomba angoje, akawapa watu chai, akamwomba tena. Alisimama mlangoni akitazama mbugani. Mwishowe zikaonekana shuka nyekundu kwenye vumbi, wanawake wanne na Kokoo mbele, na Mwalimu Nduku akaja kuketi kando yangu akiwa ametulia kabisa. Baba Mutua alisema aliyotaka kusema, kwa heshima. Alisema mwalimu anawapenda watoto, hakuna anayekataa. Alisema yeye mwenyewe husimama getini akiwa na fimbo na wanaopita na kalamu humsalimia kwa kidevu, na hataki mwanawe asalimiwe kwa kidevu. Mama mmoja alisema mtoto wake alikuwa bubu akaongea. Mwingine akasema kuongea ni kuzuri lakini ataongea akiwa wapi. Kisha Kokoo akainuka na kuniita nikasimame karibu naye. Alizungumza Kimaasai, sentensi moja moja, akinisubiri.

"Anasema alifurahi mwalimu kuja kwake," nilitafsiri. "Anasema mwalimu alikunywa chai yake, na sasa ni mtoto wake."

Mwalimu Nduku aliinamisha kichwa, kama anayeguswa utosini.

"Anasema baba ya Nashipae aliweka kidole kwenye karatasi ambayo hakuweza kuisoma. Kidole hicho kiliuza mahali ng'ombe walikuwa wanakunywa maji. Ule ua ulio mbele ya boma lake ndio huo."

Kokoo alinitazama kuhakikisha nimemaliza. Sentensi zilizofuata alizisema polepole, na mimi nilizielewa zote kabla ya kufungua mdomo. Kanisa zima lilikuwa likinitazama, na Mwalimu Nduku pia.

"Anasema kucheza kuko kwake nyumbani, tena kwingi. Ng'ombe wa mawe wako huko, na nyanya wa kumwonyesha yuko. Kilichokosekana huko ni kalamu. Ndiyo maana alimleta Nashipae kwa mwalimu. Anamwomba mwalimu ampe hiyo."

Baba Mutua alisema basi wanaotaka vitabu waende upande wa mimbari, na wanaotaka tuendelee wabaki upande wa mlango. Watu walisogea wakikwepana miguu. Kokoo alivuka chumba na wenzake wanne na kusimama chini ya mimbari. Baba Mutua alinyoosha kidole kuanza kuhesabu, Kokoo akasema kitu kikali, na sikuhitaji kukitafsiri, kwa kuwa aliushusha ule mkono wa Baba Mutua kwa mkono wake. Watu hawahesabiwi. Tulitazama tu. Ilionekana. Mwalimu Nduku mwenyewe ndiye aliyetembea hadi mimbarini, akapiga magoti na kulivuta lile sanduku nje.

Hakulalamika, wala jioni hiyo wala baadaye. Tukiwa tunakula alisema neno moja tu, kwamba angeweza kubishana na Baba Mutua mpaka mwaka uishe, lakini na Kokoo hangeweza, kwa sababu yeye hakuwa na jibu la ule ua. Jumapili alikata penseli vipande viwili viwili ziwatosheleze wote. Jumatatu hatukupandanisha mabenchi. Tuliyapanga kwa safu, watoto wakaketi miguu ikining'inia, na yeye akaandika a ubaoni, kubwa, nzuri, akawaonyesha mahali mkono unapoanzia. Alifanya kazi hiyo kwa ukamilifu, kama alivyofanya ile nyingine. Nashipae aliandika ulimi ukiwa nje. Mutua aliuliza kama a ni ya mtu fulani. Mahojiano yalipofika karibu wote walipata nafasi, na sifa ilikwenda kwa zile wiki chache za kalamu. Huenda ilistahili. Hata sasa, nikiwa nimesikia hotuba zote zile, siwezi kusema ni kitu gani kilifanya nini. Mwezi wa Desemba mimi niliondoka, na yeye akaanza kuwa yule mwalimu tuliyemzika.

Lakini nataka kuandika juu ya saa nne ya Jumatatu ile, uji ulipokwisha. Mwalimu Nduku alikuwa ameketi kwenye kiti chake akipuliza vumbi la chaki vidoleni, na mimi nilikuwa nikikusanya vikombe. Watoto walikuwa nje, upande wenye kivuli, na niliona hawakimbii. Walikuwa wakicheza mkutano. Walikuwa wamewasikia wazazi wao kupitia nyufa za mabati, au nyumbani, na walijua kila kitu. Mutua alikuwa baba yake. Nashipae alikuwa Kokoo, shuka imefungwa begani, na mtoto mmoja mdogo alisimama kando yake akisema "anasema, anasema," hata kabla Nashipae hajafungua mdomo, na huyo alikuwa mimi. Walibishana kidogo kuhusu nani awe mama wa bubu. Kisha mchezo ukakwama, kwa sababu hakuna aliyekubali kuwa mwalimu. Mmoja alisema yeye hawezi, mwalimu anashindwa. Mwingine akasema na yeye hataki. Mutua alifikiria, akaja mpaka mlangoni, akasimama mbele ya Mwalimu Nduku akiwa bado amejishika kiuno kama mwenyekiti.

"Mwalimu," akasema, "kuja ukuwe mwalimu."

Nilidhani angekataa. Aliinuka, akajikung'uta sketi, akatoka nje na kuketi chini mavumbini mahali walipomwonyesha. Aliwapa chai ya mchanga wanywe wakingoja. Alipoambiwa Kokoo anakuja, aligeuza uso kutazama mbugani, kwa muda mrefu, vizuri kabisa. Mkutano ukaendelea. Mutua akanyoosha kidole kuhesabu, Nashipae akakishusha, wakatazama, na watoto wakaenda kila mmoja upande ambao mzazi wake alikuwa ameenda. Hakuna aliyebadilisha kitu. Mwalimu Nduku alishindwa mara ya pili. Akapiga magoti, akavuta nje sanduku ambalo halikuwepo, na watoto wote wakasogea karibu kuona kilichomo.